Kazi ya mti yenye hatari: fundi akatae wakati gani?

Tanzu (muulizaji)

Ndugu wanataaluma, salamu kwenu nyote.

Ninaomba mawazo ya wale waliofanya kazi ya kupogoa na kuangusha miti kwa muda mrefu kuliko mimi. Nimeitwa kukagua mti mkubwa uliosimama karibu na nyumba, na mwenyewe anataka uondolewe wote hadi kisiki. Shina lina kipenyo kinachokaribia mita 1 kwenye usawa wa kifua. Juu kidogo ya hapo limegawanyika kuwa mashina mawili yanayolingana unene, na moja kati ya hayo limekauka kabisa, magome yamebanduka na matawi madogo yameanza kudondoka yenyewe. Chini, pale shina linapokutana na mizizi, umeota uyoga mgumu wenye umbo la rafu. Karibu nusu ya matawi iko juu ya paa, na upande wa pili umepita waya wa umeme. Gari kubwa haliwezi kuingia mpaka sehemu ya ukuta ibomolewe, jambo ambalo mwenyewe hataki kulisikia.

Nilipomweleza wasiwasi wangu alinijibu kwa upole kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba yupo fundi mwingine aliyekwisha kukubali kuifanya kazi hiyo kwa kamba na msumeno wa mnyororo, bila masharti yoyote.

Siulizi namna ya kuukata. Ninachouliza ni wapi unapopita mpaka kati ya kazi ngumu, ambayo fundi anapaswa kuiweza, na kazi ambayo ni lazima aikatae hata kama ana njaa ya kazi. Je, kuna vipimo vinavyoeleweka, au kila mtu hufuata hisia zake? Tena, nikikataa, na yule mwingine asiye na vifaa wala mafunzo akapanda na kuanguka, je, nitakuwa na sehemu yangu katika jambo hilo?

Mkaguzi wa Miti

Ndugu Tanzu, maswali yako ni mawili, nami nitajibu la kwanza tu, kwa kuwa la pili wapo humu wanaoliweza zaidi yangu.

Vipimo vipo. Hisia nazo zina nafasi yake, lakini zije mwisho, baada ya macho na nyundo kumaliza kazi. Mimi huanza kwa kujiuliza kama mti wenyewe unaweza kunibeba, kwa sababu mpandaji hufunga kamba yake kwenye mti uleule anaoukata, na kila anaposhusha pande la gogo, mti huohuo hubeba uzito wake yeye, uzito wa pande lile na mtikisiko wa vyote viwili. Usisubiri mpaka mti ukuthibitishie kwamba ni mbovu. Kabla hujapanda, wewe ndiye unayepaswa kuwa na ushahidi kwamba ni mzima kiasi cha kutosha, na ushahidi huo ukikosekana, jibu ni kutopanda, hata kama hakuna dalili moja kubwa unayoweza kumwonyesha mwenye mti.

Kwa mti wako dalili zipo, na ile ya uyoga ndiyo nzito kuliko zote. Uyoga wa rafu unaoota chini ya shina, mathalani wa jamii ya Ganoderma, ni tunda tu la kuvu ambalo limekuwa likila mbao za ndani kwa miaka kadhaa kabla halijajitokeza nje. Wengi hudanganywa na majani mabichi. Maji ya mti hupanda kupitia tabaka za mbao zilizo karibu na gome, ilhali uozo wa aina hii hula zaidi kiini na mizizi ya chini, hivyo mti unaweza kuwa na kilele cha kupendeza huku umesimama juu ya mizizi iliyokwisha. Kuvu mwingine, Kretzschmaria deusta, hata rafu hana. Huonekana kama ukoko mweusi ulioungua kwenye kitako cha shina, na shina aliloshambulia huvunjika ghafla kama chungu, bila kupinda wala kutoa mlio wa onyo. Kwa hiyo piga magoti, ondoa majani makavu na udongo, utazame kitako chote kwa kukizunguka, kwa maana upande uliofichwa na ukuta ndio ambao watu huuruka.

Baada ya hapo gonga shina kwa nyundo, hatua kwa hatua, ukisikiliza mahali sauti inapobadilika na kuwa nzito au yenye mwangwi. Mtafiti wa Ujerumani, Claus Mattheck, alipendekeza kanuni inayotumika sana: ukuta wa mbao nzima uliozunguka mvungu usipungue takribani 0.3 ya nusu kipenyo. Kwa shina lako la mita 1, nusu kipenyo ni sentimita 50, na ukuta unaohitajika ni kama sentimita 15. Kanuni hiyo ina wapinzani wake, haifai kwa shina lenye tundu lililo wazi ubavuni, na haisemi lolote kuhusu mizizi. Naitaja ili ujue kwamba mvungu peke yake hautoshi kuwa sababu ya kukataa. Miti mingi yenye mvungu ingali imara.

Tazama pia ile panda, yaani pale shina linapogawanyika. Ikiwa mashina mawili yamebanana kwa umbo la V na magome yamenaswa katikati yao, basi pale ndani hakuna mbao iliyoyaunganisha kikamilifu, na mkifunga kamba ya kushushia mizigo juu ya panda hiyo mnaweza kuipasua kwa mikono yenu wenyewe. Tafuta ufa unaoshuka kutoka kwenye panda. Kisha tazama ardhi. Mti ulioinama tangu utotoni huwa umejirekebisha, ncha yake ikarudi kuelekea juu, na huo usikutie hofu sana. Mti ulioinama karibuni hubaki umenyooka katika mwinamo wake, na udongo wa upande wa nyuma huwa umeinuka au umepasuka. Mwisho, muulize mwenyewe kama kuna mtaro au msingi uliochimbwa karibu miaka ya hivi karibuni. Wenye nyumba hawakumbuki kusema jambo hili mpaka waulizwe, na mizizi iliyokatwa haionekani.

Kwa maelezo uliyotoa, mimi nisingepanda mti huo. Sijasema kwamba nisingeifanya kazi hiyo.

Bawaba

Ninamheshimu Mkaguzi na sina ugomvi na vipimo vyake, ila nina wasiwasi kwamba vijana wakisoma haya wataanza kukataa kila mti wenye uyoga. Mti ulionyooka, mzima, katikati ya uwanja mtupu hauhitaji fundi; yeyote mwenye msumeno atauangusha. Tunaitwa kwa sababu kuna hatari, na anayeikimbia hatari yote atafute kazi nyingine.

Mpaka anaoutafuta Tanzu, kwa mtazamo wangu, ni huu: kazi ngumu ni ile ambayo ninajua kitakachotokea nikikata, ingawa kukifikia kutanichosha. Kazi ya kukataa ni ile ambayo sijui kitakachotokea nikikata, na sina njia ya kukijua wala ya kukizuia. Chukua mfano wa mti uliokauka. Tunapouangusha mti mbichi tunaacha bawaba ya mbao kati ya mkato wa mbele na mkato wa nyuma, ambayo kwa kawaida upana wake ni kama asilimia 10 ya kipenyo, na bawaba hiyo hupinda polepole na kuuongoza mti mpaka unakaribia kulala. Mbao iliyokauka muda mrefu haipindi. Bawaba hukatika mapema, na mti huelekea unakotaka wenyewe. Katika Ulaya mafundi wamelazimika kujifunza hilo upya kwa sababu ya miti ya jamii ya Fraxinus inayouawa na kuvu Hymenoscyphus fraxineus; mbao zake huwa dhaifu kiasi kwamba wengi wameacha kabisa kuipanda na huifikia kwa jukwaa la kuinulia watu, au huiangusha kwa mashine.

Lakini angalieni: wameacha kuipanda, hawajaacha kuiondoa. Ndiyo maana nasema tukatae njia kabla hatujaikataa kazi. Je, kuna mti mwingine imara jirani ambao kamba ya mpandaji inaweza kufungwa? Je, jukwaa dogo la kusukuma kwa mkono linaweza kupita kwenye lango ambalo gari kubwa haliwezi? Je, kreni inaweza kusimama nje ya ukuta na kufikia kwa juu? Je, tukisubiri siku zisizo na upepo hali itabadilika? Mwenye mti amekwambia mchagua jembe si mkulima. Nawe mjibu kwamba hata mkulima huchagua msimu.

Ukiuliza maswali hayo yote na kila moja likajibiwa hapana, hapo ondoka kwa moyo mweupe.

Kapi

Naongeza jambo ambalo wapandaji wengi hawalipigii hesabu, nalo ni nguvu za kamba ya kushushia.

Gogo bichi lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 1.5 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.42. Mbao mbichi za miti mingi huwa na uzito wa kilo 800 hadi 1,000 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo pande hilo moja lina kilo 340 hadi 420. Sasa, mkikata pande la juu ya shina na kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, likiwa limefungwa chini ya mkato, pande huanguka kwanza ndipo kamba ilidake, na nguvu ya kudaka hufikia mara kadhaa ya uzito wa pande lenyewe. Tena kapi hubeba zaidi ya kamba: pande mbili za kamba zinapovuta zote kuelekea chini, mzigo wa kapi hukaribia mara mbili ya mvuto ulio ndani ya kamba. Nguvu yote hiyo huingia kwenye shina ambalo mpandaji amelikumbatia. Shina lililooza kitako linaweza kumbeba mtu mwenye kilo 80 siku nzima bila tatizo, halafu likavunjika kwa dako moja la gogo. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nilipanda na haukutikisika," hajakwambia kitu.

Mfumo wa vipande vidogo vinavyotupwa bila kamba unaweza kupunguza nguvu hizo, lakini unahitaji nafasi tupu chini, nawe una paa.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: kabla ya kukubali, jiulizeni mnaweza kuisimamisha kazi katika hatua zipi. Kila fundi husema kwamba anayo haki ya kushuka wakati wowote akiona hatari. Ni kweli, na haki hiyo iwekwe wazi kwa mteja tangu mwanzo. Hata hivyo mti uliokatwa nusu mara nyingi ni hatari kuliko ule usioguswa. Ukiondoa matawi yote ya upande mmoja, uwiano wa uzito hubadilika na mti huegemea upande uliobaki. Ukiondoa shina lililo hai na kuliacha lililokauka, lile lililokauka hupigwa na upepo ambao awali mwenzake alikuwa akiukinga. Kwa hiyo panga hatua ambazo baada ya kila moja mnaweza kufunga vifaa na kwenda nyumbani, na mti ukabaki salama angalau kama ulivyokuwa asubuhi. Kama kazi haiwezi kugawanywa hivyo, yaani mkishaanza hamna budi kumaliza, basi kiwango chako cha uhakika kabla ya kuanza kinapaswa kuwa cha juu sana. Kazi nyingi nilizokataa nilizikataa kwa sababu hii, wala si kwa sababu ya uozo.

La mwisho ni watu. Kama chini hakuna mtu wa pili mwenye mkanda na kamba yake, anayeweza kupanda kumshusha aliyejeruhiwa, kazi hiyo haipo. Mtu aliyezirai akining'inia kwenye mkanda anaweza kupoteza maisha kabla msaada wa kuitwa haujafika.

Nguzo

Kwa ufupi kuhusu waya, kwa sababu naona umetajwa na kupitwa.

Huo waya peke yake unatosha kuisimamisha kazi. Kiwango cha usalama cha Marekani cha kazi za miti, kinachojulikana kama Z133, kinamtaka mtu asiye na mafunzo maalumu ya umeme akae umbali usiopungua futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kwenye nyaya zenye hadi kilovolti 50, na umbali huo huongezeka volti zinapozidi. Unahesabu mwili wako, msumeno wako, na tawi ulilolishika. Tawi bichi hupitisha umeme, na kamba yenye maji au uchafu pia hupitisha. Hata aliyesimama chini hayuko salama: waya ukigusa mti, umeme husambaa ardhini, na tofauti ya volti kati ya mguu mmoja na mwingine inaweza kumuua mtu anayetembea kwa hatua ndefu.

Mwenye waya ni shirika la umeme. Aombwe azime au aondoe laini, athibitishe kwamba amezima, ndipo mzungumze habari za uyoga. Mwenye nyumba hana mamlaka ya kukwambia kwamba "waya huo hauna shida."

Tanzu

Ninawashukuru sana wote. Nimerudi leo nikazunguka kitako chote kama Mkaguzi alivyoelekeza. Upande wa nyumba sauti ya nyundo ni ya mvungu kabisa, kutoka ardhini hadi usawa wa kiuno, na kwenye panda kuna ufa unaoshuka ambao sikuuona mara ya kwanza kwa sababu ya kivuli. Mti mwingine wa kufungia kamba haupo. Jukwaa dogo lingeweza kupita, lakini ardhi ya pale ni ya mteremko na laini.

Nimeamua kutopanda. Bado nina swali moja la kiutendaji: mwenzangu mmoja amenishauri nisikatae waziwazi, bali nitaje bei kubwa mno ili mwenyewe akate tamaa, na uhusiano wetu ubaki mzuri. Mnaonaje? Pia lile swali langu la pili halijajibiwa.

Kisiki

Kuhusu bei, usifanye hivyo. Hatari yake ya kwanza ni kwamba anaweza kukubali, nawe utajikuta umeahidi kazi uliyokwisha kuamua kwamba haifanyiki, huku fedha nyingi zikikushawishi kujiongopea. Bei haipunguzi uzito wa gogo. Hatari ya pili ni kwamba umemficha ukweli: mteja ataondoka akiamini kwamba mti wake ni wa kawaida na kwamba wewe ni ghali tu, kisha atamchukua yule wa bei nafuu bila kujua alichokuwa akikinunua kwako, yaani maarifa ya kilichomo ndani ya shina.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili. Sikubaliani na hoja inayosikika sana kwamba afadhali nipande mimi mwenye ujuzi kuliko aende asiyejua. Ujuzi wako haufanyi kazi mahali ambapo huwezi kujua mti utafanya nini; shina likivunjika kitako, mpandaji hodari na mpandaji mbabaishaji huanguka kwa kasi ileile. Lakini pia sikubaliani na anayekataa, akafunga mlango wa gari na kusema hayamhusu. Unachodaiwa ni kusema ulichokiona, kwa watu wawili.

Wa kwanza ni mwenye mti, na yeye umwandikie. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: uliona nini na wapi, pamoja na picha za uyoga, ufa na mahali ulipogonga, kwamba kwa hali hiyo mti usipandwe na mtu yeyote, si wewe peke yako, na kazi hiyo inaweza kufanyika kwa masharti gani. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayomsaidia. Kwa mti wako ningeandika kwamba laini ya umeme izimwe kwanza, kisha sehemu ya ukuta ifunguliwe ili kreni au jukwaa la magurudumu liingie na kusimama kwenye ardhi iliyotandikwa mabamba, na kazi ifanyike siku ambayo upepo uko chini ya kikomo cha mashine, ambacho kwa majukwaa mengi ya nje ni mita 12.5 kwa sekunde, ingawa mimi husimama mapema zaidi ya hapo. Ukuta unaobomolewa hujengwa tena. Mwandikie pia afanye nini usiku wa leo: vyumba vilivyo chini ya matawi visilaliwe panapokuwa na upepo, magari yaondolewe, na watoto wasicheze pale. Kuuondoa mti kunaweza kuchukua wiki kadhaa, lakini kuwaondoa watu chini yake kunachukua saa moja, na sehemu kubwa ya hatari huondoka pamoja nao.

Wa pili ni yule fundi. Ukiweza kumpata, mpigie. Mwambie kwa heshima, kama mwenzako wa kazi, kwamba hukumpigia kumnyang'anya riziki, kisha umtajie mvungu wa upande wa nyumba na ule ufa wa kwenye panda, kwa sababu yaelekea naye hakupiga magoti. Anaweza kukusikiliza au asikusikilize. Kama mamlaka ya mahali penu inashughulikia miti hatari, nayo ijulishwe, hasa kama mti unaweza kuangukia kwa jirani au barabarani.

Ukisha kufanya hayo, sioni sehemu iliyobaki mikononi mwako.

Bawaba

Nakubaliana na Kisiki, na ninaongeza la fedha kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Ukaguzi ulioufanya, ule wa kuzunguka kitako na kugonga shina, pamoja na barua utakayoiandika, ni kazi, tena ni kazi ambayo wengi hawaiwezi. Wapo mafundi wanaokubali kazi mbaya kwa sababu tu wamekwisha kutumia nauli na nusu siku kuikagua, na kuondoka mikono mitupu kunawauma. Toza ada ya ukaguzi, uitaje kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na useme wazi kwamba inalipwa hata kama jibu litakuwa hapana. Ukikubali kazi, unaweza kuikata ada hiyo kwenye bei.